Namba 58: kisa cha mahabusu mmoja na jaribio la akili

Wakili aliyenipa ile ripoti alikuwa ameipigia mstari mwekundu mahali pamoja tu. Ukurasa wa pili, chini kabisa, alama ya kipimo cha akili: IQ 58. Na mbele yake maneno mawili ya mtaalamu aliyepima: akili pungufu.

Mteja wake alikuwa mwanamume wa miaka 34, mahabusu katika gereza moja la kaskazini-magharibi mwa Uganda, akishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Adhabu ya juu ya kosa hilo ni kifo, na kwa sababu hiyo Katiba inampa mshtakiwa haki ya kuwa na wakili anayelipwa na serikali kama hana uwezo. Huyu hakuwa nao. Ushahidi mzito dhidi yake ulikuwa maelezo ya onyo ya kurasa tatu ambamo alikiri kila kitu: siku, saa, njia, pikipiki iliyochukuliwa, panga lililotumika. Kwa wakili, namba 58 ilikuwa mlango wa kutokea. Aliniomba mimi, mwanasaikolojia, nimpime tena ili siku ya kesi tuwe wataalamu wawili wenye neno moja.

Neno hilo sikuweza kumpa, na katika uchambuzi huu naeleza kwa nini. Nimebadilisha kila jambo linaloweza kumtambulisha mtu huyu, kijiji chake, kituo alichohojiwa na gereza alilokaa. Wenzake wa wodi, yaani chumba cha kulala cha mahabusu, walimwita Fundi, nami nitamwita hivyo.

Ripoti ya kwanza

Nianze kwa kuitendea haki ripoti ile. Aliyepima hakubuni kitu. Alitumia jaribio la Wechsler la watu wazima, toleo la nne, lililotoka mwaka 2008, na alama alizihesabu sawasawa. Katika jaribio hilo wastani ni 100 na mchepuko sanifu, yaani kadiri alama zinavyotawanyika, ni 15, kwa hiyo kati ya watu mia moja, wawili hivi tu huanguka chini ya 70. Fundi alipata 55 kwenye maswali ya maneno, 66 kwenye ya maumbo, 57 kwenye kumbukumbu ya papo hapo na 60 kwenye wepesi wa kazi. Ukizijumlisha kwa jedwali la kitabu unapata 58.

Tatizo liko kwenye jedwali lenyewe. Wastani wa 100 katika toleo hilo ulipatikana kwa kupima watu 2,200 wa Marekani, wa miaka 16 hadi 90. Fundi amewekwa kwenye mstari mmoja nao: yeye aliyeacha shule akiwa P.4, yaani darasa la nne, miaka michache baada ya serikali kufuta ada za shule za msingi mwaka 1997, na ambaye hajawahi kushika penseli kwa kazi ya kila siku. Alipimwa kwa Kiingereza, askari mmoja wa zamu akimgeuzia maswali kwa Kiganda. Sasa Fundi ni Mnubi. Nyumbani ni Kinubi, kazini ni Kiswahili, na Kiganda chake ni cha sokoni: bei gani, punguza, ongeza. Maana ya maneno aliyoulizwa aeleze ilikuwa imepita mikono miwili kabla ya kumfikia.

Kuna na saa. Katika kazi ya vibao vyekundu na vyeupe mtu hupewa picha na kutakiwa aijenge kwa vibao, na akichelewa hapati alama hata kama amemaliza vizuri. Kwenye karatasi ya ripoti niliona alama za sifuri pembeni mwa maumbo manne, na mbele ya kila moja mpimaji, kwa uaminifu wake, ameandika: amemaliza, muda umepita. Nilikaa na mstari ule muda mrefu. Maumbo manne yaliyokamilika yamehesabiwa kana kwamba mikono ya mtu haikugusa kitu.

Katika utafiti uliochapishwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Mallory Wober alichunguza, nchini Uganda, watu wanaliweka wapi neno la Kiganda obugezi, yaani akili, kati ya sifa mbalimbali. Wanakijiji waliliweka karibu na utulivu, uangalifu na kwenda taratibu. Waliosoma zaidi kwa mfumo wa kizungu walilisogeza upande wa haraka. Mtu aliyelelewa akijua kwamba mwenye akili hakurupuki hawezi kubadilika kwa sababu tu mgeni ameweka saa mezani na hakumweleza ya nini.

Hatari ya namba yenyewe

Wakili alidhani namba ndogo haiwezi kumdhuru mteja wake. Hapo nilimpinga vikali. Sheria ya Uganda ya mashauri ya Mahakama Kuu imewahi kuwaweka watu walioonekana hawana akili timamu katika kizuizi cha kusubiri amri ya Waziri, na wapo waliosubiri miaka na miaka pasipo amri yoyote kufika. Mwaka 2015 jaji wa Mahakama Kuu huko Fort Portal alilikemea jambo hilo waziwazi katika shauri la mtu aliyekuwa amesahaulika gerezani namna hiyo. Mtu akibandikwa "akili pungufu" na mahakama ikaisoma kama "wazimu", anaweza kuingia kwenye njia ambayo haina tarehe ya kutoka. Upungufu wa akili na ugonjwa wa akili ni vitu viwili, lakini nimewasikia wasomi wakivichanganya ndani ya sentensi moja.

Kuhusu wafungwa na vipimo hivi historia yake haipendezi. Henry Goddard, aliyelipeleka Marekani jaribio la akili la Mfaransa Binet, aliandika mwaka 1914 kwamba sehemu kubwa ya wahalifu ni watu wenye akili pungufu. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 1.7 wakapimwa, na kwa kiwango kilekile karibu nusu ya vijana wazungu walioandikishwa nao wangeitwa hivyo. Mwaka 1926 Carl Murchison aliwalinganisha wafungwa na wanajeshi hao, na ile tofauti kubwa iliyotangazwa haikuonekana. Tafiti za baadaye katika nchi za Magharibi zilibakiza pengo la alama nane hivi kati ya waliotiwa hatiani na wengine, na pengo lenyewe liko zaidi kwenye maswali ya maneno kuliko ya maumbo. Wechsler mwenyewe alilitaja umbo hilo kwa vijana wakorofi: mikono juu, maneno chini. Ni umbo lenye maana, lakini mtu aliyefukuzwa shule mapema hulipata pia, na waliopimwa gerezani ni wale waliokamatwa. Aliyetoroka hakupimwa.

Kwa Fundi maneno yalikuwa 55 na maumbo 66. Ningeweza kuandika kwamba hilo ndilo umbo la wafungwa, nikasaini, nikaenda nyumbani. Nilichotaka kujua ni kama chini ya alama hizo kuna umbo jingine ambalo Kiingereza, Kiganda cha kuazima na saa vimelifunika.

Lugha ya kupimia

Nilipanga kumpima kwa Kiswahili. Nilidhani hapo tatizo limekwisha, na nilikosea.

Kiswahili nchini Uganda kina historia inayojulikana na kila mtu. Ndiyo lugha ya jeshi, ya polisi, ya magereza. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi wa kusini wanakikumbuka kama sauti ya kizuizi cha barabarani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, lakini kumbukumbu haifutwi kwa marekebisho. Kwa Wanubi ni tofauti kidogo. Wao wamekisema sokoni, kambini na madrasa kwa vizazi, tangu babu zao walipoletwa kama askari kutoka upande wa Sudani mwishoni mwa karne ya 19. Kwa Fundi ni lugha ya kazi yake ya kutengeneza baiskeli: spoki, mnyororo, bei, kesho njoo.

Ila ndani ya ukuta wa gereza Kiswahili ni lugha ya amri. Simama. Kaa. Hesabu. Toka. Siku ya kwanza nilimkuta kwenye chumba cha ofisa, mimi nikiwa upande wa meza wenye kiti, yeye kwenye sakafu kama desturi ya mahali hapo. Nilimsalimu kwa salaam, nikamwambia mimi si askari wala si wa mahakama. Akajibu, "Ndiyo, afande." Nikamweleza nitakachofanya na kwamba anaweza kukataa. "Ndiyo, afande." Nikamuuliza kama amelala vizuri. "Ndiyo, afande." Magereza ya Uganda kwa jumla yana zaidi ya mara tatu ya idadi ya watu ambayo yalijengewa, na wodi yake nilikuwa nimeiona. Hakuna aliyelala vizuri mle.

Nikafunga daftari. Siku hiyo sikupima chochote.

Nilirudi baada ya wiki moja, na katika wiki hiyo niliomba mambo matatu kwa mkuu wa gereza, akanikubalia yote, nami namshukuru. Tukae nje chini ya mwembe, sote wawili kwenye benchi moja. Askari akae mahali anapoona lakini hasikii. Na tuanze baada ya posho (ugali) na maharage, si kabla. Tulipoketi nilimpa baiskeli ya gereza ambayo gurudumu lake la nyuma lilikuwa linayumba, nikamwambia sijui ina nini. Alichukua dakika arobaini. Aliizungusha, akaweka kucha karibu na rimu, akasikiliza, akakaza spoki moja robo mzunguko, akalegeza ya upande wa pili. Mwishoni aliniangalia akasema, "Mama, hii walikuwa wanaipiga nyundo. Gurudumu halipigwi." Hakusema afande. Tukaanza.

Nilichokiona

Nilianza na picha za Raven, ambazo hazina maneno wala saa. Ni maumbo 60 katika seti tano za kumi na mbili. Kila moja limekatwa kipande na wewe unachagua kinachojaza pengo. Za mwanzo hufanana na mkeka ulioliwa na panya. Za mwisho ni ngumu kwa msomi. Fundi alitumia karibu saa mbili kwa vipindi viwili na akapata 41. Sina haja ya kuilinganisha na Waingereza. Niliwaomba wenzake sita wa wodi, wasiozidi P.7, wafanye kazi ileile chini ya mwembe uleule. Aliwapita wanne.

Vibao vyekundu na vyeupe nilimpa tena bila saa. Alikamilisha yote isipokuwa mawili. Kazi ya kufuata vidole, ambapo napiga vibao tisa kwa mpangilio na yeye anarudia, alifika hatua sita pasipo kusitasita. Kwa mtu anayedaiwa kuwa na 58, hilo halielekei.

Kisha tukaingia kwenye maneno, na hapo mambo yakageuka.

Tarakimu za kurudia alifika nne tu kwa kwenda mbele, mbili kwa kurudi nyuma. Hapa lazima niseme jambo la lugha. Mwaka 1975 Alan Baddeley na wenzake walionyesha kwamba tunakumbuka maneno machache zaidi kadiri yanavyochukua muda kutamkwa. Tarakimu za Kiswahili kutoka moja hadi tisa zina silabi mbili kila moja, za Kiingereza karibu zote zina moja, basi anayepimwa kwa Kiswahili kwa jedwali la Kiingereza huanza amepunjwa. Lakini wale wenzake sita walirudia tarakimu tano, sita, mmoja saba, kwa Kiswahili hichohicho. Lugha haikutosha kueleza nne.

Nikampa orodha ya maneno kumi na tano: viungo vya mwili, wanyama, vyombo, vifaa vya kazi, vyombo vya usafiri. Ni aina ya orodha iliyotengenezwa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani ili iweze kutumika katika lugha nyingi, kwa kuwa kila mahali kuna jicho na kila mahali kuna jembe. Unaisoma mara tano, na kila mara mtu anataja anayokumbuka. Mtu wa kawaida hupanda: sita, nane, kumi, kumi na moja. Fundi alitaja manne, matano, matano, sita, matano. Baada ya nusu saa alikumbuka mawili. Nilipomsomea maneno mchanganyiko na kumuuliza lipi lilikuwamo, alisema "lilikuwamo" kwa karibu yote, hata yale ambayo sikuwahi kuyatamka. Kati ya watu saba niliowapima, alikuwa wa mwisho kwa mbali.

Hili ndilo umbo lililokuwa limefunikwa. Macho na mikono ya mtu huyu inafikiri vizuri. Akili yake ya kuona sehemu na kuziunganisha ni nzima. Neno likiingia sikioni halikai. Ukimjumlisha kwa wastani unapata mtu ambaye hayupo, kama vile kuchukua mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi ukasema ana miguu ya kadiri.

Je, alikuwa anaigiza? Swali hilo ni halali, mtu anakabiliwa na kifo. Niliwahi kudanganywa, na sasa sipimi kumbukumbu pasipo kupima juhudi. Nilitumia jaribio la picha hamsini za vitu vya kawaida: unaonyeshwa zote, kisha kwa kila moja unapewa mbili uchague uliyoiona. Linaonekana gumu na kwa kweli ni jepesi sana. Hata wagonjwa wengi wenye kumbukumbu mbovu hulipita. Anayebahatisha tu hupata nusu, na anayejifanya mara nyingi huanguka mahali ambapo mgonjwa wa kweli haanguki. Fundi alipata 48 raundi ya pili. Picha alizikumbuka. Muigizaji angeharibu na hizi.

Dada yake

Karatasi ya hospitali ya utotoni haikupatikana. Aliyepatikana ni dada yake mkubwa, muuza chapati, aliyekuja siku mbili kwa basi. Tulizungumza kwa Kiswahili na yeye akateremka kwenye Kinubi kila alipotaka kusema jambo la mama yao.

Fundi alikuwa na miaka mitano hivi. Homa, kisha degedege, kisha siku tatu hakuamka. Hospitali walisema malaria imepanda kichwani. Alipoamka hakusema kwa wiki nzima, na aliporudi kusema, dada anasema, "alikuwa mtoto mwingine wa kusahau." Shuleni walimpiga kwa kutojua kurudia alichofundishwa asubuhi. Akaacha.

Utafiti uliofanyika Kampala, katika Hospitali ya Mulago, uliochapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, na miaka miwili baadaye karibu mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu katika uwezo fulani wa akili, kiwango cha mara tatu hivi ya watoto wa jirani ambao hawakuugua. Siwezi kuapa kwamba homa ile ndiyo iliyomfanya Fundi alivyo. Aliwahi pia kuanguka kutoka kwenye lori akiwa kijana. Katika ripoti niliandika yote mawili kama uwezekano, nikaacha hapo. Kinachonisikitisha ni idadi ya watoto wa nchi hii waliopita njia hiyo, wakaitwa wazembe darasani, na leo wako mahali fulani wakisema ndiyo afande.

Dada alinipa na jambo ambalo hakuna jaribio lingenipa. "Huyu ukimtuma vitu vitatu dukani, analeta kimoja. Lakini kibanda chake hakijawahi kupoteza baiskeli ya mtu." Nikauliza vipi. Akasema Fundi hukata vipande vya mpira wa tyubu, akavifunga kwenye kila baiskeli: fundo moja ni breki, mawili ni gurudumu, matatu ni mnyororo, na upande wa kulia fundo la malipo. Mteja akirudi, Fundi hasikilizi maelezo. Anaangalia mafundo. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, wa mtaa wao alithibitisha jambo hilohilo kwa barua.

Utambuzi wa upungufu wa akili hauwezi kusimama kwa namba peke yake. Lazima mtu awe ameshindwa pia kumudu maisha ya kila siku, na hali hiyo iwe imeanza utotoni. Hata Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyokataza mwaka 2002 kuwapa adhabu ya kifo wenye upungufu huo, ilibidi irudi mwaka 2014 kuikemea Florida kwa kushika namba 70 kama ukuta, kwa sababu kila kipimo kina kosa lake la alama tano hivi huku na huku. Fundi alikuwa na kibanda, wateja, mke, kodi aliyolipa. Hakuwa mtu wa akili pungufu. Alikuwa na kasoro moja nzito, na alikuwa ameijengea daraja la mpira wa tyubu.

Kurasa tatu

Hapo ndipo niliyasoma maelezo ya onyo upya. Nilikuwa nimeyasoma mwanzoni kama wakili alivyoyasoma, kwa kuangalia amekiri nini. Sasa niliyasoma kwa kuuliza ni nani angeweza kuyasema.

Kurasa tatu za Kiingereza kinachotiririka. Tarehe mbili, saa nne tofauti, majina ya barabara kwa mpangilio, rangi ya koti la mwathiriwa, namba ya pikipiki yote. Mtu ambaye hawezi kushika tarakimu tano kwa nusu dakika ametaja namba ya usajili kamili, wiki tatu baada ya tukio, pasipo kukosea. Chini kuna maandishi kwamba amesomewa kwa Kiswahili naye amekubali kuwa ni sahihi.

Gísli Gudjonsson, mtaalamu wa maungamo ya uongo, alitengeneza mwaka 1984 kipimo cha wepesi wa mtu kuyumbishwa na maswali: unamsomea hadithi fupi, kisha unamuuliza maswali ishirini, kumi na tano kati yake yakiwa na mtego. Nilitumia njia yake kwa hadithi niliyoitunga mwenyewe ya mama aliyeibiwa kuku, na kwa kuwa haina vigezo vya hapa sikutoa alama mahakamani. Nilieleza tu nilichokiona. Fundi alikubali mitego kumi na mmoja. Nilipomwambia kwa upole kwamba amekosea baadhi, tujaribu tena, alibadilisha hata majibu yaliyokuwa sahihi. Siku nyingine nilimuuliza, "Juzi uliniambia ulikuwa Jinja na kaka yako, siyo?" Akasema ndiyo, tulikuwa. Hana kaka. Baadaye nilimweleza nilichofanya na kwa nini, nikamwomba radhi, maana kumtega mtu aliye kizuizini si jambo dogo hata kwa nia njema.

Nilipomuuliza kwa nini alisema ndiyo, alinijibu kitu nilichokinukuu neno kwa neno kwenye ripoti: "Mama, mtu akiniambia nilisema, mimi najuaje kwamba sikusema?"

Mahakamani

Wakili hakufurahi mwanzoni. Nilikuwa nimemnyang'anya namba yake. Nilimwambia kwamba nimempa kitu bora: sababu mahususi inayogusa ushahidi mahususi. Alikaa kimya, akapindua ripoti, akaanza kuandika maswali.

Kukawa na kesi ndani ya kesi juu ya yale maelezo, kuamua kama yapokelewe. Wakili wa serikali aliniuliza swali moja kwa namna tano: "Daktari, huyu mtu ana akili au hana?" Kila mara nilijibu kwamba anayo, na kwamba swali la siku hiyo ni kama maneno yale ni yake. Jaji aliuliza kwa lugha gani Fundi alihojiwa. Ofisa aliyeandika alijibu Kiswahili. Yako wapi maandishi ya Kiswahili? Hayakuwapo. Utaratibu wa mahakama za Uganda unataka ungamo liandikwe kwa lugha aliyoitumia mtuhumiwa, ndipo litafsiriwe. Maelezo yakatupwa, na sababu kubwa ilikuwa hiyo. Ushahidi wangu ulitajwa kama wa kuunga mkono. Sina kinyongo. Sheria ilikuwa na kanuni ya wazi, na kanuni ya wazi humlinda hata yule ambaye hatapata mwanasaikolojia.

Ushahidi uliobaki ulikuwa injini ya pikipiki ile iliyokutwa kibandani kwake, ikiwa na kipande cha tyubu chenye fundo mbili. Alisema aliletewa aitengeneze. Mahakama iliona alipaswa kushuku. Alitiwa hatiani kwa kupokea mali ya wizi, miaka mitano. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2017 ulitaka muda wa rimandi ukatwe kwa hesabu, na yeye alikuwa amekaa miaka miwili na miezi tisa. Ikabaki miaka miwili na miezi mitatu, akahamishiwa gereza jingine.

Miezi minne baadaye dada yake alinipigia simu. Kule alikopelekwa walikuwa na karakana ya chuma, Fundi aliomba kuingia, akakataliwa. Karani alikuwa amefungua faili na kukuta: IQ 58, hafundishiki. Amewekwa kulima.

Niliandika barua, kisha nikaenda mwenyewe. Niliomba ile ripoti ya kwanza iondolewe. Mkuu wa gereza, mzee mwenye subira, alinieleza kwamba karatasi iliyoingia kwenye faili haitolewi, inaongezewa tu. Basi tuliongeza. Juu ya ripoti ile sasa umebanwa ukurasa wangu mmoja wa Kiswahili, wa mkono, uliokusudiwa msimamizi wa karakana: Mpe agizo moja kwa wakati mmoja. Mwonyeshe, usimweleze. Akikwambia ndiyo, mwambie akuonyeshe alichoelewa. Mruhusu awe na vipande vya mpira.